Kamba Katikati ya Barabara

Jumatatu, 9 Machi

Mvua imeanza leo, na leo hiihii manispaa yetu imefunga kamba katikati ya barabara. Sijui kipi kitatuchosha mapema.

Naandika kwa sababu kazi imepungua na sina wa kuzungumza naye ambaye anastahili. Mtaa wetu umekatwa na barabara moja ya lami, na barabara hiyo ndiyo mpaka wa manispaa mbili. Upande huu tunaishi mimi na mama, katika nyumba ambayo chumba chake cha mbele ndicho karakana yangu ya meno bandia. Upande ule, mlango ukitazamana na wetu, anaishi mdogo wangu, fundi wa majokofu, na mkewe, mwenye mgahawa hapohapo nyumbani. Miaka yote tumevuka barabara hiyo na kandambili miguuni, kwenda kuomba kiberiti. Sasa ugonjwa umekuja, na kila manispaa imeupokea kwa akili zake, maana yake bila akili.

Kwetu wametangaza kwamba hakuna kutoka ila kwa chakula na dawa, barakoa ivaliwe hata uani kwako, na wazee wasivuke geti. Kwao meya amesimama mbele ya vipaza sauti akasema ugonjwa huu unawapenda wavivu, kwa hiyo watu wanawe mikono wakafanye kazi. Kirusi kikipita mtaani kwetu, nadhani kikifika katikati ya lami kinasimama na kujiuliza kiko chini ya nani.

Jumatano, 11 Machi

Mvua. Hajaja mteja.

Ijumaa, 13 Machi

Kamba inalindwa na ofisa wa kata. Watu wanamwita Sheria Ndogo, kwa sababu ndilo neno analolipenda kuliko yote, na kwa sababu ya kimo chake. Kabla ya ugonjwa, kazi yake kubwa ilikuwa kukamata mbuzi wanaozurura. Sasa amepewa kizibao cha rangi ya chungwa na filimbi, na shingo imemnenepa.

Leo amefunga duka la vitasa akaacha duka la vipodozi, la shemeji yake. Nilimuuliza kama karakana yangu ni huduma muhimu. Akafikiri sana, huku maji ya mvua yakimtiririka kofiani, kisha akatoa hukumu: meno ya kutafunia ni huduma, ya mbele ni urembo. Nikamshukuru. Mtu kama huyo ukibishana naye unampa cheo asichokuwa nacho.

Jumanne, 17 Machi

Mwalimu mstaafu aliyeagiza meno ameleta ujumbe kwamba tuahirishe, kwa kuwa siku hizi anavaa barakoa. Mke wa mwenye ghala naye vivyo hivyo. Tangu nianze kazi hii nilidhani watu wanataka meno ili wale. Kumbe walitaka yaonekane tu.

Alhamisi, 26 Machi

Kila alasiri mdogo wangu husimama mbele ya mlango wake, mama naye huketi barazani kwetu, wakipigiana kelele juu ya barabara. Ni mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Umekula? Nimekula. Goti je? Linauma. Mkeo yuko wapi? Yuko jikoni. Kesho yake wanaanza upya.

Leo Sheria Ndogo amepuliza filimbi akasema kuzungumza juu ya kamba ni marufuku, mate yanarushwa. Nani atoe mate yatakayovuka barabara pana namna ile, hakusema. Ila mimi niliafikiana naye, si kwa ajili ya mate bali kwa ajili ya kelele. Nikamwambia mama aingie ndani.

“Nikikaa ndani nitamwona nani?” akauliza.

Nikamwambia atamwona mwanawe kesho, mambo yakitulia.

“Kesho yako na kesho yangu si moja,” akasema, lakini aliinuka.

Jumapili, 29 Machi

Manispaa imesema wazee wasivuke geti. Mimi naona geti liko mbali mno. Hapa ndani wanaingia watu na midomo wazi, nawatia vidole mpaka kwenye magego, na wote wanaapa kwamba hawana hata mafua. Kwa hiyo nimemwambia mama asivuke mlango wa chumba chake, chenye choo humohumo. Chakula nitamwekea kwenye kigoda nje ya mlango, nibishe hodi, niondoke. Nguo nazo hivyo hivyo. Kama sheria ni nzuri, basi ifuatwe na mtu mwenye akili.

Mama hakubisha. Nilifurahi kwamba hakubisha.

Jumamosi, 4 Aprili

Wiki hii amri zimebadilika mara nyingi kuliko hali ya hewa. Bucha limeruhusiwa, tanuri la mkate limekatazwa. Jana mkate umerudi, bucha limefungwa. Kinyozi anaruhusiwa kunyoa kichwa lakini si ndevu. Kuhusu kuzika, wamesema watu kumi. Basi akafa mjomba wa diwani, na nikahesabu magari peke yake nikachoka.

Na leo Sheria Ndogo amemchumbisha binti yake. Turubai lilitandwa uani kwake, sahani zikapita, wanawake wakapiga vigelegele mpaka huku. Kinyozi alipomuuliza, alijibu kwa uso mkavu kwamba kile kilikuwa kikao cha kamati ya maafa. Nimemwona bwana harusi mtarajiwa. Hakukosea.

Jumatano, 8 Aprili

Mvua. Mama amerudisha sahani nusu.

Jumapili, 12 Aprili

Leo nimegombana na mdogo wangu, tena kupitia tundu la mlango wa nyuma.

Alipita kwenye mfereji ulio chini ya barabara, maji yakiwa magotini, akatokea uani kwetu amelowa kama panya. Hana barakoa. Amebeba mfuko wa machungwa. Alisema amekuja kumwona mama, dakika moja tu, kisha anarudi. Nikamwambia arudi sasa hivi.

“Dada, nifungulie. Nitasimama mbali.”

Nikamuuliza jana alikuwa wapi. Alikuwa uwanjani, kwenye mpira. Juzi? Alikuwa kwenye nyumba ya mtu kutengeneza jokofu, na humo ndani kuna mgonjwa. Aliyasema hayo kama mtu anayehadithia safari. Nikampa vidonge vyake: nikamwambia yeye na meya wake ni kitu kimoja, na kama anataka kumuua mama atafute mlango mwingine.

Alijipangusa mvua usoni. Halafu akasema, “Wewe unamlinda mama au unaulinda mlango?”

Upuuzi. Aliacha machungwa juu ya ngazi. Niliyaosha kwa sabuni, lakini mwishowe niliyatupa.

Mama alisikia kila kitu, maana chumba chake kinapakana na ua. Nilipomwekea chakula cha jioni hakuitikia hodi. Sahani ilirudi kama ilivyokwenda.

Jumatatu, 20 Aprili

Kuna Mungu. Sheria Ndogo amevunjika meno ya mbele.

Alikuwa anamfukuza muuza karanga, akairuka kamba yake mwenyewe, mguu ukanasa, akajibwaga kwa uso kwenye ukingo wa lami. Amekuja kwangu mchana, barakoa imejaa damu, anazungumza kama mtoto anayenyonya. Anataka meno manne, haraka, kwa sababu siku ya Alhamisi ya wiki ijayo mkuu wa mkoa anakuja na watu wa televisheni kuitazama kamba yetu, na yeye ndiye atakayetoa taarifa, barakoa ikiwa mkononi.

Nikamkumbusha kwamba meno ya mbele ni urembo. Akasema sheria ndogo hiyo imefanyiwa marekebisho.

Nilimpima. Ana kinywa kidogo na ulimi usiotulia.

Alhamisi, 23 Aprili

Upande wa pili ni kama harusi isiyokwisha. Mgahawa wa wifi umefurika, hata watu wa huku wanapita mfereji kwenda kula. Sijawahi kumpenda wifi yangu. Ana kicheko cha mtu aliyekalia mwiba, na hukicheka mbele ya wateja kinywa wazi, meno yote mazuri, yake mwenyewe, hata pengo moja hana. Leo nimemtazama kwenye dirisha akionja supu na mwiko, akiurudisha mwiko sufuriani, akicheka. Nikasema moyoni, endelea, dunia itakufunza.

Leo nilimsikia akikohoa katikati ya kicheko.

Jumatatu, 27 Aprili

Mgahawa haukufunguliwa.

Jumanne, 28 Aprili

Nitayaandika yote, maana kesho kila mtu atayasema kwa namna yake.

Asubuhi mdogo wangu alinipigia simu. Hatukuwa tumesemezana tangu siku ya machungwa. Alisema mkewe hapati pumzi, ameanza kusema maneno yasiyoeleweka, na hospitali ya kwao imewarudisha. Kwa nini? Kwa sababu meya amekwisha kusema kwamba ugonjwa haupo, na usipokuwepo hauna wodi. Wamemwandikia pumu, wakampa dawa ya kuvuta, wakamwambia apumzike. Hajawahi kuugua pumu maisha yake. Hospitali ya upande wetu ina mitungi ya oksijeni na vitanda vitupu. Lakini gari la upande ule halivuki kamba.

“Niko hapa nje,” akasema. “Dada, ongea naye yule mtu.”

Nilitoka. Mvua ilikuwa ya kumwagwa. Gari lake la kubebea majokofu lilikuwa limesimama upande wa pili wa kamba, na nyuma, chini ya turubai, wifi alikuwa amelazwa juu ya godoro. Nililifunua turubai. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu. Kinywa kilikuwa wazi, lakini si kwa kucheka. Alikuwa anavuta hewa kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisimani na kamba inamteleza. Alinitambua. Alijaribu kujifunika mdomo kwa kiganja ili asinikoholee. Hilo sikulitarajia.

Sheria Ndogo alikuwa chini ya mwavuli wake, kizibao kikavu. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kumpigia magoti kwenye tope, na yeye alikuwa amekwisha kusema kwamba amri ni amri, na kwamba akimruhusu mmoja watakuja mia. Nikamvuta kando.

“Bwana ofisa,” nikamwambia, “meno yako yako tayari.”

Macho yake yakang’aa. Akasema atayapitia mchana.

“Yako mezani kwangu. Hapo mezani pana nyundo pia. Gari hili likipita sasa hivi, mchana utayavaa. Lisipopita, nitayasaga, na keshokutwa utamsomea mkuu wa mkoa taarifa ukiwa na pengo, televisheni ikiona.”

Aliniambia kwamba huko ni kumtishia mtumishi wa umma. Nikamwambia ndiyo. Aliniambia anaweza kunifungia karakana. Nikamwambia afunge, lakini atafute fundi mwingine wa meno kabla ya Alhamisi, na aliye karibu yuko upande wa pili wa kamba.

Akatazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akaiendea kamba, akaifungua fundo kwa mikono yake miwili, akapuliza filimbi, akawatangazia waliokuwa madirishani kwamba jokofu la hospitali linapita, watu wakae mbali. Mdogo wangu aliwasha gari, akapita. Amri iliyokuwa mwamba kwa wiki zote hizi, iliyomzuia mtoto kumwona mama yake, imelegea kwa meno manne ya plastiki.

Nimempa meno yake mchana. Yamemkaa vizuri sana. Kazi ni kazi.

Alhamisi, 30 Aprili

Mkuu wa mkoa amekuja. Sheria Ndogo amesimama barakoa mkononi, ametabasamu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akasema upande wetu haukuilegeza kamba hata siku moja. Wakampigia makofi. Meno yangu yalipendeza.

Jumanne, 5 Mei

Wifi bado yuko kwenye oksijeni. Mdogo wangu analala kwenye gari nje ya hospitali. Nampelekea chakula, tunazungumza kupitia kioo cha gari, maneno machache.

Alhamisi, 14 Mei

Mvua imepungua. Mama hazungumzi ila akiulizwa.

Jumanne, 19 Mei

Wifi ametolewa wodini. Atapona, amesema daktari, kwa namna fulani. Nilimuuliza ni namna gani. Akasema mapafu yana kovu, na pua haisikii harufu, na ulimi haujui ladha. Huenda vikarudi, huenda visirudi. Mpishi.

Jumatatu, 25 Mei

Mvua imekatika na kamba imeondolewa. Hakuna aliyeeleza kwa nini leo na si wiki iliyopita.

Redioni wamejigamba wakubwa wa manispaa zote mbili. Wa kwetu wamesema wagonjwa walikuwa wachache kuliko kwa jirani, na ni kweli. Wa kwao wamesema hawakufunga biashara hata moja, na ni kweli pia. Hakuna aliyeulizwa kuhusu duka la vitasa, ambalo mwenyewe ameuza mpaka rafu akaondoka na familia. Hakuna aliyeulizwa kuhusu makaburi mapya nyuma ya uwanja wa mpira, yenye watu waliokufa kwa pumu waliyoipata mwezi huohuo. Nimesikiliza hadi mwisho, nikazima. Ukiwachanganya wote wawili chunguni hupati mtu mmoja.

Watu wamevua barakoa. Mke wa mwenye ghala amekuja mbio kuulizia meno.

Jumanne, 2 Juni

Nimemfungulia mama mlango nikamwambia atoke, mambo yamekwisha. Akasema, “Haya.” Hakutoka. Nilirudi baada ya kazi, bado yuko kitandani. Nikamshika mkono nimwinue. Aliinuka, akapiga hatua, goti likakunjika, akaniangukia mwili mzima. Nilishangaa alivyo mwepesi. Tangu Machi sikuwa nimemgusa.

Daktari amekuja. Nilimweleza kwa fahari kwamba ugonjwa haukumgusa mama hata kidogo. Akakubali, mapafu ni safi. Ila misuli ya miguu imesinyaa kwa kukaa, na kwa umri wake kuirudisha ni kazi ndefu, na huenda isirudi yote. Akauliza kama alikuwa akizungumza na watu. Nikasema ilikuwa marufuku. Akaandika kitu, hakuniangalia.

Nilitaka kumuuliza yeye angefanya nini. Wote hawa wana majibu baada ya mvua kukatika.

Alhamisi, 4 Juni

Mama ameniita chumbani, akaniambia nikae. Nikakaa.

“Nataka kwenda kukaa kwa mdogo wako.”

Nikamwambia nyumba ile ina kelele. Nikamwambia mkewe hajiwezi, hapandi ngazi tatu bila kusimama, anaunguza sufuria kwa kuwa hasikii harufu ya moshi. Nikamwambia hawa ndio watu ambao hawakufuata hata sheria moja, na kama ningekuwa kama wao, yeye asingekuwa hapa akinichagulia pa kumpeleka.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema, “Ulinilinda, mwanangu. Sikatai. Nashukuru.” Akavuta shuka magotini. “Sasa nataka kusikia watu.”

Jioni nilimpigia mdogo wangu simu.

Jumapili, 7 Juni

Tumemvusha barabara kwenye kiti, mimi mguu mmoja, mdogo wangu mwingine, na vijana wa mtaani nyuma. Sheria Ndogo, ambaye amerudi kwenye mbuzi wake, alivua kofia. Wifi alikuwa amesimama mlangoni kwao ameshika fremu, anapumua kwa mdomo. Hakuweza kuja kutupokea na hakuweza kuzungumza kwa muda. Mama alimshika mkono, wakabaki hivyo, mmoja hatembei, mwingine hapumui. Hayo ndiyo matunda ya manispaa mbili, hao ndio wangewaweka redioni.

Nimerudi. Nyumba ni kubwa kuliko nilivyodhani.

Jumatano, 10 Juni

Nimemaliza meno ya mke wa mwenye ghala. Amelalamika hayajang’aa vya kutosha.

Jumapili, 14 Juni

Mgahawa umefunguliwa tena. Nilivuka asubuhi kumwona mama. Walikuwa wamemweka karibu na kaunta, akimsikiliza dereva wa lori akimsimulia kesi ya talaka. Alinipungia mkono kama mtu aliye kazini.

Wifi aliniita jikoni. Alikuwa ameketi kwenye stuli mbele ya jiko, maana kusimama kunamchosha, na sufuria kubwa ya supu ilikuwa motoni. Alichota kwenye bakuli safi, akanipa na kijiko.

“Nionjee, wifi.”

Nikamuuliza mumewe kaenda wapi, na wale wasichana wanaohudumu, na mama. Kwa nini mimi?

“Hao wote nimewaonjesha,” akasema. Alisita avute pumzi. “Wote wanasema tamu. Jana nilisahau chumvi kabisa, wakasema tamu. Wananionea huruma. Wewe hutanionea huruma.”

Alisema bila kicheko, wala bila uchungu, kama anavyosema mtu aliyetafuta kifaa fulani na kukiona kabatini. Nilitaka kukasirika. Nilimtazama uso, alikuwa anakitazama kijiko changu, si mimi, na mikono yake ilikuwa imeshikana mapajani.

Nikaonja. Nikaiacha ulimini kidogo, nikameza.

“Imechacha,” nikamwambia. “Nyama ni ya juzi. Mwaga.”

Akazima jiko. Hakuweza kuinua sufuria peke yake, kwa hiyo nikashika mpini mmoja, yeye mwingine, tukaimwaga.

“Ya kesho nitaiweka motoni alfajiri,” akasema.

Nikamwambia nitakuja kabla sijafungua karakana.